Nyundo ya Shemeji

Shemeji yangu fundi hakagui chesisi, fremu ya chuma inayobeba gari, kwa macho. Hulala chini ya gari, akafumba macho, akagonga chuma kwa nyundo ndogo huku ametega sikio. "Pazima," hunong'ona. "Pazima." Leo, chini ya pikapu yangu, karibu na gurudumu la nyuma, chuma hakikulia. Nyundo ilizama! Akamega kipande, akakifikicha kwa vidole viwili, kikawa unga wa kutu. Ndani, nyuma ya rangi mpya, mlikuwa na matambara yaliyoshindiliwa kuziba tundu. Akajivuta kutoka chini ya gari.

"Asubuhi ulimpakia nani humu?"

"Wanao, shemeji. Wote watatu, huko nyuma."

Alininyang'anya funguo, akaenda kuzitumbukiza chooni.