Vyerehani Ambavyo Mzee Kazungu Hakuvinunua

Mwanangu, iko asubuhi moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo. Nataka nikusimulie taratibu, maana nimesikia nawe umeletewa deni la kodi ya mapato, na tangu ulipate hupokei simu za watu.

Wakati huo nilikuwa bado kijana, mama wa watoto wawili, nina kiduka cha kushona hapa Malindi, nyuma ya soko. Nilikuwa nikishona mapazia, mashuka na foronya za mahoteli. Hoteli moja ilipofanya ukarabati ikanipa kazi ya vyumba vyote, na pesa zile, alhamdulillahi, zilitufaa sana. Tuliezeka nyumba mabati, tukalipa karo, nikaongeza vyerehani vya umeme. Jambo la kodi nililiacha tu. Si kwamba nilikusudia kumdhulumu mtu. Nilijiambia kwamba hayo ni mambo ya wenye makampuni, si ya fundi kama mimi.

Basi hesabu ya watu wa kodi ikaja, na faini yake, na riba yake. Nilipoiona ile jumla, niliikunja karatasi nikaificha chini ya vitambaa. Pesa za hoteli zilikuwa zishageuka mabati na vyerehani. Hata ningekusanya kila nilichokuwa nacho mkononi, nisingefika nusu.

Sikumwambia mume wangu. Athmani alikuwa mpishi, mtu mpole, wala hakuwa na tabia ya kunigombeza, lakini niliona haya. Ikiingia simu ya namba nisiyoijua, naiacha ilie mpaka inyamaze. Nikawa mkali kwa watoto bila sababu. Mwishowe nikaamua: nitauza vyerehani vyote, nilipe nitakachoweza, nikae nyumbani.

Mtu wa kwanza kunijia akilini alikuwa Mzee Kazungu wa Tezo. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona nilipokuwa msichana, na vyerehani vyangu vya umeme alivitamani. Kila tukionana alinitania kwamba siku moja ataniibia kimoja. Asubuhi moja nikaenda Tezo. Nilimkuta dukani kwake, anashona sare za shule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Saumu. Hujambo? Athmani hajambo? Watoto je?"

"Wote wazima. Mzee, nimekuja kukuuzia vyerehani."

Akasimamisha mguu uliokuwa ukikanyaga cherehani. "Kipi?"

"Vyote." Nikamtajia bei. Ilikuwa bei ya kutupa, na mtu mwingine angenishika mkono papo hapo kabla sijabadili nia. Yeye alivua miwani akanitazama.

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa."

"Basi unakimbia nini?"

Hapo machozi yakanitoka, mwanangu, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Hao watu wa kodi," akasema, "umekwenda ukazungumza nao?"

"Wameshaandika jumla yote, mzee."

"Sikukuuliza walivyoandika. Umekwenda ukazungumza nao?"

Nikatikisa kichwa.

"Hata kuwauliza hukuwauliza, ushakuja kuuza kazi yako! Mimi nikivichukua hivi vyerehani nitafaidika, tena sana. Lakini lile deni litakalobaki utalilipa kwa kazi gani? Na hao watoto watakula nini? Sinunui. Rudi nyumbani, umwambie mumeo leo hii, kabla hamjala. Kesho kutwa nitakuja Malindi twende pamoja."

Sitakuficha, nilikasirika. Nilikuwa nimefuata pesa, nikapewa maneno. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikimnung'unikia moyoni. Lakini nilipofika nilimwambia Athmani, kwa sababu nilijua yule mzee akija atauliza.

Athmani akashusha pumzi. "Kumbe ni hilo? Mimi nilidhani umeshanichoka."

Tulicheka, mwanangu. Deni lilikuwa palepale, halikupungua hata senti, lakini siku ile nilikula nikashiba.

Kule ofisini, nilikokwenda na Mzee Kazungu kama alivyoahidi, nilitarajia kufokewa. Nikampata binti mmoja wa kutoka bara, ana haraka ya maneno lakini ana adabu. "Karibu mama, keti." Nikamwambia, "Nadaiwa, na nataka kulipa, ila siwezi kulipa zote kwa mara moja."

"Wengi hawawezi," akasema. "Wewe unaweza kulipa ngapi kwa mwezi?"

Aibu ikanisukuma, nikataja kiasi kikubwa ili nisionekane mnyonge. Mzee Kazungu akakohoa. "Mpe hesabu ya miezi ya mvua, Saumu, siyo ya Disemba."

Na kweli, masika yakianza wageni huondoka, mahoteli mengine hufunga milango kabisa, na kazi ya mapazia inakuwa haba. Nikataja kiasi kingine kidogo, kile ambacho ningekipata hata mwezi mbaya. Yule binti hakunicheka. Alinieleza niandike ombi, nitoe chochote cha kuanzia, kinachobaki nigawanye kwa miezi. Akanionya kwamba riba itaendelea kwa kile kinachobaki, kwa hiyo mwezi mzuri niongeze. Tena akaniambia, "Na kodi ya mwaka huu ilipe kwa wakati wake, mama, usije ukamaliza hili ukakuta lingine linakungoja." Ombi langu likakubaliwa baada ya siku chache.

Usidhani mambo yalikwenda sawa moja kwa moja. Mwaka ule ule hoteli moja iliyokuwa imeniagiza mashuka ilifunga ghafla, na mimi nishanunua vitambaa. Nikaona wazi kwamba mwezi ule sitafika. Tamaa ya kujificha ikanirudia, simu nikaitazama tena kama adui. Lakini safari hii sikungoja siku ipite. Nilikwenda mwenyewe mapema, nikawaeleza, wakanisogezea siku ya kulipa. Niliporudi, nikapasua vile vitambaa nikashona foronya za watu wa kawaida, nikaziuza mtaani.

Siku nilipolipa sehemu ya mwisho, Athmani alipika pilau ya sufuria kubwa. Majirani wakauliza ni arusi ya nani, tukawaambia kaeni mle. Mzee Kazungu alikuja na kanzu yake nyeupe, akala, akasema nyama imezidi chumvi. Ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Kiduka changu leo anakiendesha binti yangu, nami napita pale asubuhi kunywa chai na kumkosoa mishono.

Sasa nisikilize, mwanangu. Pokea simu zako. Mwambie mkeo leo, maana anaona kwamba una jambo, na huenda analidhania jambo baya zaidi. Nenda ofisini kwa miguu yako, useme unachoweza, na ukiseme kidogo chenye hakika kuliko kikubwa cha kujionyesha. Usiuze kifaa kinachokulisha, wala usimpe pesa yule anayekuambia atakumalizia mambo kwa njia za pembeni. Mwezi ukikushinda, watangulie kabla hawajakutafuta. Na kuanzia sasa, kazi ikikulipa, weka kando fungu la kodi kabla hujaweka la mabati.

Mwenyezi Mungu akufungulie riziki ya halali, akupe ulimi wa kusema ukweli mapema, akuepushe na fedheha, na atie baraka kila kidogo utakachokitoa mpaka kiishe chote. Nenda, baba. Niko radhi nawe.