Hata Unywele Haupiti

Nello Pavan alikuwa fundi wa kinu cha sukari huko kaskazini mwa Queensland. Kwa miaka thelathini na sita kazi yake ilikuwa kupanga nafasi: rola mbili zisigusane, wala zisiachane hadi muwa upite na utamu wake. Mfukoni alikuwa na vibati vyembamba vya kupimia, hata kanisani. Siku moja padri alimkuta amepiga magoti mlangoni akadhani ametubu. Kumbe anapima upenyo wa chini ya mlango.

Mkewe, Dulcie, alikuwa na pete ya ndoa iliyolegea tangu siku ya harusi. Aliizungushia uzi kwa ndani, maisha yakaendelea. Kwa Nello ule uzi ulikuwa aibu ya ufundi. Basi Julai, alfajiri ya baridi, akampima kidole angali usingizini, akamkerezea pete mpya kwa kipande cha chuma cha shafti, mhimili wa rola. Ikaingia barabara.

"Hata unywele haupiti," alijisifu wiki nzima.

Haukupita kweli. Desemba joto likaja, watu wakavimba, na siku ya sherehe ya kufunga msimu wa muwa, ukumbini, kidole cha Dulcie kikawa rangi ya biringanya.

"Ivue, Nello. Inauma."

Nello alivuta, akapaka sabuni, akavuta tena. Kisha akafikiri kifundi. "Beringi ikikwama tunaipasha moto, inapanuka. Ngoja nilete..."

"Kidole changu kimo ndani, we mzee! Una akili timamu?"

Wakamwita Col Tranter wa zimamoto, aliyekuwa hapo hapo anakula kamba wa baharini. Akaja na msumeno wake mdogo wa kukatia pete, akasugua mpaka meno ya msumeno yakaisha.

"Chuma gani hiki, kaka?"

"Cha shafti," Nello akajibu, na Mungu amsamehe, alijibu kwa maringo. "Hakikatiki hicho."

"Basi kinachokatika hapa ni kidole."

Maringo yakamtoka. Nello aliogopa kama ambavyo hajawahi kuogopa.

"Acheni porojo," Dulcie akasema. "Nileteeni barafu, sindano na uzi."

Akazamisha mkono kwenye ndoo ya barafu ya kupoozea bia mpaka meno yakagongana. Col akapenyeza ncha ya uzi chini ya pete kwa sindano, akakaza uzi kuzunguka kidole hadi juu ya kifundo, kisha akaufungua kutokea chini. Pete ikapanda kidogo kidogo, ikaanguka mezani. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Uzi, kitu kile kile Nello alichokionea aibu!

Njiani Nello akauliza kwa unyonge, "Niiongeze ngapi? Robo milimita?"

"Weka nafasi ya kuivua siku ukiniudhi."

"Na ukiivua je?"

"Wewe weka nafasi. Uone kama nitaivua."

Akaikereza upya, kwa mara ya kwanza maishani kwa kukadiria tu. Sasa kila Jumapili Dulcie akifungua kitabu cha nyimbo, pete inagonga jalada, na mkono wa Nello unakimbilia vibati mfukoni. Anaurudisha, anaimba. Amemuudhi mara nyingi tangu hapo, na pete haijavuliwa.