Makala ya Bure na Muhogo wa Haraka

Mimi ni tabibu wa zahanati ya kijiji, si profesa, lakini mtu akiniambia utafiti ni mambo ya watu wa vyuoni, napandwa na hasira papo hapo. Nasoma. Simu yangu ina kioo kilichopasuka, na hapa Kibondo mtandao unashika vizuri nyuma ya choo cha wagonjwa, basi huko huko nasimama.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Mama mmoja akamleta binti yake wa miaka tisa: alilala mzima, akaamka miguu imekakamaa, anakanyagia ncha za vidole, magoti yanagongana. Homa hana. Mama alikuja na jibu lake tayari: jirani yake mjane, aliyegombana naye kisimani, ndiye aliyemfunga mtoto miguu kwa uchawi. Kijiji kizima kilishamtenga yule mjane. Mama alitaka kujua jambo moja tu, kama mdogo wa binti huyo, wa miaka minne, naye atafungwa.

Nilimwambia sijui, ila nitajua. Makala ya kwanza niliyoipata ilinionjesha muhtasari, kisha ikataka dola. Nikasonya. Ndipo nikaingia kwenye hifadhi moja ya mtandaoni ya makala za tiba isiyodai hata senti, nikaandika dalili kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, na makala ikafunguka nzima, hadi picha. Yule binti alikuwa humo kabisa: miguu inakakamaa ghafla, wakati wa ukame, kwa watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, sumu yake ikabaki ndani. Weee, nilifurahi!

Nikaenda nyumbani kwa yule mama. Muhogo mchungu sisi tunauloweka bondeni siku tatu au nne mpaka ulainike, ndipo tunauanika. Yeye akaniambia kijito kilikauka, akauloweka kwenye ndoo usiku mmoja, akaanika, akasaga. Maharage, ambayo yangeusaidia mwili kuipunguza ile sumu, yalikuwa yamekwisha zamani. Nikamweleza yote, simu mkononi, najiamini kwelikweli. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo ni mimi,” akasema.

Kwa hilo makala haikuniandaa. Nilimwambia kosa ni la ukame. Unga uliobaki aulowanishe, autandaze mwembamba kivulini kwa saa tano sumu itoke, kabla ya kuusonga, na maharage tutayatafuta, mdogo tutamkinga. Kuhusu binti sikumdanganya: miguu yake haitarudi kama zamani, ila haitazidi kuharibika. Nikamwandikia rufaa apate magongo.

Wiki chache baadaye, siku ya kliniki, benchi lilikuwa limejaa. Yule mjane alikuja kuchukua dawa zake za presha, akakaa mwisho, na wenzake wakamwachia nafasi ya watu wawili. Mama akaingia na yule mdogo, anatembea vizuri kwa miguu yake. Hakunijia mimi. Alisimama mbele ya wanawake wote.

“Huyu hakumfunga mwanangu,” akasema. “Mimi niliharakisha muhogo.”

Kisha akaenda kukaa kwenye ile nafasi, bega kwa bega na mjane.