Mpiga Pasi Aliyeogopa Mlango

Hebu mwone anaingia langoni kwa dobi asubuhi, jua bado pole. Mwanamume mwembamba wa miaka arobaini na mitatu, shati limenyooka utadhani limechorwa, na suruali ina mstari ambao wenzake walisema unaweza kunyolea ndevu. Ndiyo maana wakamwita Wembe. Jina lake la nyumbani alilitumia mama yake tu.

Kazi yake ilikuwa chumba cha nyuma, kunyoosha shuka za hospitali kwa mashine ya mvuke. Kuna watu wanaojisifu kwamba jikoni kwao kuna joto. Hao hawajasimama pale. Unatandaza shuka, unashusha mfuniko, unahesabu mpaka nane, unainua, na mvuke unakupiga usoni kama kofi la mtu uliyemkosea. Halafu shuka nyingine. Mia tatu kwa siku, mwezi wa mfungo na miezi mingine, maana wagonjwa hawapungui.

Sasa, Wembe alikuwa ameshatolewa vijiwe vya figo mara mbili. Mfungo ulipokaribia alikwenda kliniki, na muuguzi akamwambia bila kuzungukazunguka:

"Kama lazima ufunge, kunywa maji tangu unapofuturu. Kikombe, pumzika, kikombe tena, mpaka daku. Usingoje alfajiri ukayanywa yote kwa mkupuo, yatapita tu. Na ukiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi, fungua siku hiyo hiyo, utalipa baadaye. Ruhusa unayo."

"Nimesikia, dada."

Na kweli alisikia. Tatizo halikuwa masikio. Tatizo lilikuwa mlango.

Walikaa chumba kimoja, pazia katikati. Upande wa ndani yeye na mkewe, upande wa mlangoni mama yake, apate hewa. Mama alikuwa amepatwa na kiharusi mwaka uliopita, na daktari alionya kwamba akikosa usingizi presha itapanda tena, na safari hiyo haitamwacha. Choo kilikuwa nje, ng'ambo ya ua. Na mlango wenyewe ulikuwa wa bati lililopinda, ukiuvuta unaburuza sakafu na kulia kama mbuzi anayeburutwa machinjioni. Wembe alitia mafuta bawaba, akakwangua sakafu, akamwomba mwenye nyumba, mwenye nyumba akasema kesho. Kesho yake haikufika.

Kwa hiyo akapiga hesabu zake. Anywe maji jioni, atoke mara tatu usiku, mama aamke mara tatu? Hapana. Akawa anafuturu kwa nusu kikombe, analala. Wakati wa daku ua mzima umeshaamka, mlango ukilia haumwamshi mtu. Hapo ndipo alipokuwa akishika jagi la lita mbili na kulinywa lote.

"Weka ndoo upande wetu huku," mkewe alimwambia siku ya tatu.

"Ndoo? Mama yuko nyuma ya pazia, nikojoe kwenye ndoo anasikiliza?"

"Alikuogesha uchi miaka mitano."

"Mitano, mke wangu. Si arobaini na mitatu."

Mkewe alicheka, kisha akaacha kucheka. Wembe alikuwa amechuchumaa sakafuni akifanya kazi yake ya jioni, nguo za majirani. Alizinyunyizia maji kidogo kidogo, akaziviringisha, akaziacha zilale mpaka asubuhi ndipo azipige pasi. Kila dobi anajua hilo: maji ya haraka hukaa juu ya kitambaa, hayaingii.

"Mashati ya watu unayanywesha jioni," mkewe akasema. "Wewe mwenyewe unajimwagia alfajiri kama unazima moto."

"Shati halina mama," akajibu, na kuendelea kunyunyiza.

Wiki ya kwanza ilipita. Kila asubuhi, kabla ya shuka ya sitini, alikwenda chooni mara tatu, na jagi lote likawa limekwenda. Baada ya hapo alikuwa mkavu kama pasi iliyoishiwa maji. Wiki ya pili kichwa kikaanza kugonga. Mwenzake wa meza ya kukunjia, mama mmoja mnene mwenye maneno, naye amefunga, alikuwa akimtazama.

"Wembe, tubadilishane. Njoo ukunje, mimi nishike mvuke."

"Nikunje? Si wataniita Leso?"

"Heri Leso aliye hai. Mficha maradhi kilio humuumbua."

"Siumwi, bibie. Nimefunga tu, kama wewe."

Siku ya kumi na saba aliona ile chai ya rangi. Akakumbuka maneno ya muuguzi, akayaweka kando, maana zaidi ya nusu ya mwezi ilikuwa imeshapita na hakutaka mama amwone akila mchana, akauliza, akapata wasiwasi. Siku ya kumi na tisa hakuona hata hiyo chai. Alikwenda chooni, akasimama, akarudi. Alishusha mfuniko, akahesabu mpaka tano, na hesabu ikamponyoka. Mkunjaji alimkuta chini, shuka inaungua kwenye mashine.

"Fungua mdomo," akamwambia, kikombe mkononi.

"Zimebaki saa mbili tu tufuturu."

"Fungua mdomo, mwanangu." Hakuwa amewahi kumwita hivyo.

Hospitali walimlaza. Figo moja ilikuwa imeharibika tangu zamani kwa vile vijiwe, bila yeye kujua. Nyingine ndiyo iliyokuwa ikimbeba, nayo imechoka. Zikapita wiki, haikurudi kufanya kazi. Sasa husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na kwa kuwa mwili hautoi tena maji, anapimiwa: vikombe viwili vidogo kwa siku, dawa humo humo. Amelala juu ya shuka ambayo, kwa mkunjo wake, aliitambua kuwa imepita mikononi mwake.

Kila mkewe akija, swali lake la kwanza ni moja: "Mama analala?"

Na mkewe hujibu, "Analala."

Mpaka juzi. Mkewe alikuwa nyumbani akimsugua mama mkwe mgongo, akamwambia kwa kumfariji, "Angalau wewe usingizi wako hatukuugusa, mama. Mwanao alijinyima maji usiku siku zote zile za mfungo, mlango usikuamshe."

Mama mkwe akamgeukia. Mdomo wake umepinda tangu kiharusi, maneno hutoka taratibu.

"Usingizi upi, mkwe wangu? Tangu niugue silali. Nafumba macho tu, yeye asije akakaa macho kwa ajili yangu." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nasikia anavyogeugeuka. Ningejua, ningemwambia atoke. Ningeufungua mwenyewe huo mlango."

Kesho ni siku ya mashine. Mkewe atakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, Wembe atageuza shingo, atalamba midomo iliyokauka, na atauliza kama kawaida: "Mama analala?"

Ng'ombe haelemewi na nunduye, ndivyo tunavyosema, na Wembe mpaka leo anaamini kwamba kiu yake ilimnunulia mama usingizi. Ni kitu pekee alichobaki nacho. Ungekuwa wewe kwenye kile kiti, ungemjibu nini?