Siku Feza Aliposema Kweli

Mounira, muuza karanga wa soko la Kasongo, ana mdomo usiojua likizo. Lakini naye ana kiboko yake: Feza, binamu yake aliyeolewa Kabambare. Baba wa mmoja na mama wa mwingine walitoka tumbo moja, na kwao mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani mpaka kaburini. Matusi ndiyo salamu yao. Ukinuna, wewe ndiye mbaya.

"Muchawi weye, ungali muzima?" Feza huuliza kwenye simu.

"Niko. Nangojea kula wali wa matanga yako."

Basi, mwanzoni mwa mwaka ule wa korona, Mama Jeanine, muuguzi wa kituo cha afya, alimpima Mounira mlango wa kizazi kwa kuupaka siki, akaona doa jeupe. "Si kansa bado, ila tukiliacha litakuwa," akamwambia. "Mashine ya kulichoma inakuja mwezi ujao. Siku hiyo hiyo utarudi nyumbani kwa miguu yako."

Mwezi ujao ikaja korona. Mashine haikufika, upimaji ukasimamishwa, Mama Jeanine akapelekwa barabarani kupima wasafiri homa. Mounira akaambiwa angoje.

Feza hata kungoja hakumwacha angoje kwa raha. Alimpigia kusema Leta, yaani serikali, imeamuru kila auzaye chakula avae kashene ya kuziba mdomo na pua, na beseni lake nalo livae. Mounira akashona kashene kubwa ya kitenge, akalivika beseni la karanga, akakaa nalo sokoni asubuhi nzima akiwagombeza wenzake wasiotii sheria. Polisi aliyepita alicheka hadi akashika ukuta. Mounira akaapa kwamba hatamwamini tena Feza, hata akimwambia jua limechomoza.

Korona ilipopoa, Feza akapiga. "Mounira, wameanza tena kupima, huku Kabambare wameshapita. Juma lijalo wanakuja kwenu na mashine. Usikose."

"Na beseni nalo litapimwa?" Mounira akakata simu, akacheka peke yake, akaenda zake Lusangi kuwauzia karanga wachimba dhahabu. Aliporudi, mashine ilikuwa imekuja na kuondoka.

Siku zikapita. Damu ikaanza kumtoka, naye hedhi alishaisahau zamani. Akawatangazia wenzake sokoni kwamba ujana umemrudia. Wakacheka wote, isipokuwa Mama Jeanine aliyekuwa akinunua karanga. Alimshika mkono, akaenda kumpima, na safari hii jina la doa lile lilikuwa kansa. Bahati nzuri, kansa ilikuwa haijatoka nje ya kizazi, lakini kizazi chote lazima kitolewe.

Feza akaja hospitali kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Mounira akangoja matusi. Feza akaketi kando ya kitanda.

"Pole, dada yangu."

Hapo ndipo Mounira alipoogopa. Tangu azaliwe, Feza hajamwita dada. "Nitukane," akamwomba. "Hata kidogo." Feza akajaribu, akashindwa, akalia.

Alipasuliwa, akapona polepole. Hata leo habebi beseni lililojaa. Daktari hakumficha: doa lile lingechomwa mapema, asingeonana na kisu. Mounira alilia kwa hasira, maana korona huwezi kuigombeza, na Feza safari ile alikuwa amesema kweli.

Majuzi simu ikalia. "Muchawi weye, ungali muzima?"

"Niko. Na weye, siku ile walipokuja Kabambare, walikupima?"

Feza akacheka. "Miye? Siki yangu naweka kwenye kachumbari."

Mounira hakucheka. "Feza, dada yangu, nenda."

Kesho yake asubuhi Feza alikuwa wa kwanza kwenye benchi la kituo cha afya Kabambare, na hakumtania mtu.