Karakana Iliyoazimishwa kwa Asubuhi Moja

Cibalonza alikuwa amechoka, na alikuwa na haki ya kuchoka. Miaka saba alikuwa akitengeneza sabuni nyuma ya nyumba aliyopanga huko Muhumba, akikoroga mawese na soda kali ya sabuni kwa mwiko mrefu wa mbao, pipa baada ya pipa, mpaka mabega yakawa yanamuuma hata Jumapili akiwa amekaa kanisani. Fundi mmoja alimwambia kuna mashine ambayo ingemaliza kazi ya siku nzima kwa saa moja. Bei yake, dola elfu mbili. Ndoto ilikuwa ikiishia hapo kila mwaka.

Basi serikali ilipotangaza mikopo ya vijana wajasiriamali, yenyewe ikisimama mdhamini mbele ya benki, Cibalonza alikuwa na miaka thelathini na nne, na mwisho wa ujana, kwa mujibu wa tangazo, ulikuwa thelathini na tano. Akaanza kutafuta karatasi. Habari za karatasi za mji huu msinianzishe! Ofisi moja inakutuma kwa nyingine, ile nyingine inakwambia mwenye muhuri ameenda mazishini, na ukirudi kesho mazishi bado hayajaisha. Miezi mitano ilipotelea humo.

Yannick, mdogo wake, hakuhangaika hivyo. Alikuwa na digrii ya uchumi na Kifaransa kilichonyooka. Kazi hakuwa nayo, mwaka wa tatu sasa. Faili yake aliiandika kwa siku mbili. Na kwa kuwa kazi pekee aliyoijua, tena kwa kuitazama tu, ilikuwa ya dada yake, akaandika kwamba ana karakana ya sabuni. Faili ikapita. Ndipo alipokuja Muhumba, mpole ajabu, akimwita yaya, yaani dada mkubwa.

“Yaya, watu ya mukopo wanakuya kutembelea atelier juma ya kuya. Unikopeshe tu asubui moya.”

“Atelier gani, Yannick?” Cibalonza aliuliza, kana kwamba karakana zilikuwa mbili.

“Ya kwako. Nikipata feza, mashini tutanunua ya siye wote.”

Alikataa. Kesho yake mama yao akapiga simu kutoka Katana, akaulizia afya, akaulizia mvua, kisha akasema, “Cibalonza, mudogo wako akishindwa, haya itakuwa ya nani?” Hakugomba, angegomba ingekuwa nafuu. Cibalonza akakubali. Ninyi mnaosema mngekataa, hamjawahi kupigiwa simu na mama huyu.

Asubuhi ya ukaguzi Yannick alivaa koti jeupe, akasimama mbele ya mapipa akieleza mambo ya soko kwa Kifaransa. Kukoroga hakujua, kwa hiyo dada yake ndiye aliyekoroga. Afisa wa mfuko wa mikopo, bwana mmoja aitwaye Firmin, alipiga picha, akashukuru, akaenda zake. Baada ya wiki chache pesa zikatoka. Yannick akashuka Mwenga, kwenye machimbo, kununua dhahabu, “wiki mbili tu, yaya,” na tangu siku hiyo simu yake inaita bila kupokewa. Cibalonza alikasirika hadi akachoka kukasirika. Kisha akarudi kwenye karatasi zake. Alikuwa ameambiwa kila kundi la faili lina afisa wake, naye akajifariji kwamba kwake atakuja mwingine.

Zamu yake ilifika Jumanne moja ya Novemba. Alikuwa amefagia, amepanga miche ya sabuni, amefunga kitenge kipya. Aliyeingia langoni alikuwa Firmin yule yule.

Alisimama mlangoni, hakuvuka. Akatazama mapipa, akatazama ukuta, kisha simu yake.

“Maman, hapa nilishafika.”

Akamwonyesha picha. Mbele alikuwa Yannick, mkono mmoja juu, akieleza. Nyuma yake mwanamke ameinama juu ya pipa.

“Hii atelier tulishaipatia mukopo. Iko ya bwana Yannick. Ao alitudanganya?” Aliuliza polepole, kama mtu asiyetaka jibu. “Kama alidanganya, useme. Faili yake itaenda ku parquet, ya kwako itaendelea.”

Parquet ni kwa mwendesha mashtaka, na kutoka pale hadi gerezani si mbali.

Cibalonza alitaka kusema. Nasema wazi, asije akaonekana mtakatifu: alitaka sana. Thelathini na tano alishatimiza, Februari angefikisha thelathini na sita, na faili nyingine haingekuwepo. Neno moja tu, na mashine ingekuwa yake. Alifungua kinywa, na hapo akamwona mama yake na sahani iliyofunikwa, amepanga foleni mlangoni mwa gereza, akimpelekea mtoto wake wa kiume chakula.

“Hakudanganya,” alisema. “Iko ya Yannick.”

“Na weye?”

“Miye niko natumika hapa.”

Firmin alishusha pumzi. Alionekana kupata nafuu kuliko Cibalonza, maana faili ya Yannick ilikuwa imepita mikononi mwake. Akaketi juu ya kreti, akafungua ukurasa mwingine kwenye simu. Kila mkopo uliotolewa, alieleza, wakubwa wanataka kujua umewapatia watu wangapi kazi, na kwa faili ya Yannick nafasi hiyo ilikuwa bado wazi. Akamuuliza jina lake lote, akaliandika.

“Tangu bwana Yannick akupatie kazi, maisha imebadilika?”

Cibalonza alifikiri kidogo.

“Imebadilika,” alijibu.

Firmin akaandika: ajira mpya, moja.