Kasanda na Filimbi ya Bendera

Kama kulikuwa na kijana wa Kindu aliyepaswa kujua bendera inapandishwa wakati gani, ni Kasanda. Alizaliwa mtaa wa Kasuku, karibu na stesheni, baba yake Ngoyi akiwa fundi wa reli, na tangu utotoni asubuhi zote alikuwa akizisikia filimbi mbili za ofisi ya zone, yaani ya wilaya. Filimbi ya kwanza ikilia, mji unasimama. Mwenye baiskeli anashuka. Mama mwenye beseni la samaki kichwani anasimama na samaki wake, na inzi wakimsumbua, shauri yake. Filimbi ya pili ikilia, bendera iko juu, watu wanaendelea na safari zao. Mambo mepesi kabisa, hata mbuzi wa soko walikuwa wameyazoea. Sasa huyu msomi wetu, wa mwaka wa mwisho chuo kikuu kule Lubumbashi, alipitiwaje?

Alipitiwa na hesabu. Kasanda alikuwa anasomea mawe, na mwaka ule wa sabini na tano mwalimu wake alikuwa amemwombea nafasi ya masomo Ubelgiji. Wakajibu kwamba nafasi ipo, ya mtu mmoja, miaka miwili, mradi aje na ramani ya mawe ya mahali fulani aliyoichora kwa mkono wake. Pamoja na ramani, karatasi. Karatasi ya kuzaliwa, karatasi ya daktari, picha nne, na karatasi ya mwenendo mwema ambayo haitiwi sahihi popote ila kwenu ulikozaliwa. Vyote vifike Lubumbashi kabla Agosti haijaisha. Ndiyo maana alipanda treni akarudi Kindu na nyundo yake, dira na daftari. Mama yake, Mama Adèle, jina la Kizungu ambalo serikali ilikuwa imelikataza lakini ndani ya nyumba nani angesikia, alikuwa tayari amemfumia sweta zito ambalo hakuna mtu wa Kindu angelivaa dakika tano akabaki mzima. Alilitandaza kitandani kila siku, analitazama, analikunja tena.

Agosti maji ya mto Lualaba hushuka na mawe ya ukingoni hujitokeza. Kasanda hakuwa na kamba ya kupimia, kwa hiyo alipima kwa miguu. Alikuwa amejipima na baba yake kwenye nguzo za reli: hatua mia na ishirini na nane, mita mia. Kazi hiyo haitaki mchezo. Ukipoteza nambari moja, unarudi mwanzo. Asubuhi ile alikuwa amekwisha kupoteza mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya jirani aliyemsalimia na kutaka habari za shangazi zake wote. Akaapa kwamba safari ya tatu hata mama yake mzazi hatamjibu. Akaanza bandarini, macho chini, midomo ikichezacheza.

Alipofika mia sita na arobaini aliinua uso ili alitazame jiwe moja jeusi, na hapo ndipo alipoona wavuvi wamesimama ndani ya mitumbwi, makasia mikononi. Wanawake waliokuwa wanafua wamesimama, sabuni inawachuruzika. Hakuna aliyesogea isipokuwa yeye. Kisha filimbi ya pili ikalia, na akaelewa kwamba ya kwanza ilikuwa imempita masikioni bila kuingia. Juu barabarani alikuwapo Matata, mkubwa wa vijana wa chama, mikono imenyooka mapajani, anamtazama.

 Matata alimwuliza mvuvi mmoja jina la yule kijana ni nani, akaenda zake. Kasanda aliandika 640 kwenye daftari, na ile sifuri ikafanana na yai lililokanyagwa.

Nyumbani alimweleza baba yake. Ngoyi akauliza jambo moja tu, nani aliona. Aliposikia ni Matata alisukuma sahani ya ugali pembeni. Karakana ya reli ilikuwa na mtu aliyechelewa kuvua kofia siku ya sikukuu ya chama. Alichukuliwa, akarudi baada ya miezi mitatu, na hakuwahi kumwambia mtu alikuwa wapi, hata mke wake. Ngoyi alisema afadhali Kasanda apande treni ya Alhamisi, aachane na ile karatasi. Lakini bila karatasi hakuna Ubelgiji, wote wawili walijua, na kumkimbia mtu anayekutafuta ni kumwonyesha njia ya kwenu.

Basi alikwenda kuiomba. Karani wa zone alifungua kabati, akatafuta, akalifunga taratibu, akasema karatasi yake imepanda juu, kwa mukubwa wa ofisi ile nyingine. Ofisi ile watu wa Kindu hawakuitaja jina. Ukipita mbele yake unahamia ng'ambo ya barabara, unajifanya una haraka. Kasanda aliogopa, na sioni haya kulisema kwa ajili yake.  Siku mbili kila baiskeli iliyopunguza mwendo mbele ya nyumba ilimfanya ainuke kitini. Mama Adèle alisali, akalikunja sweta, akalificha chini ya kitanda, sijui alidhani watalikamata nalo.

Mwito ulikuja Jumatano kwa mdomo wa Matata mwenyewe. Kesho asubuhi, bandarini, na daftari.

Mukubwa alikuwa mtu mfupi, abakosti safi, ile koti isiyovaliwa na tai, sauti ya chini. Alimwita citoyen, yaani raia, kama sheria ilivyotaka, akamwuliza siku ile alikuwa anafanya nini. Kasanda akasema alikuwa anahesabu hatua. Mukubwa akaitikia kwa kichwa, akasema vema, na ahesabu tena vilevile, kuanzia palepale. Matata alisimama nyuma yake akitabasamu kidogo.

Kasanda akaanza kutembea.  Hakuona jiwe, hakuona maji, aliona tu nyayo zake zinavyofupika, na nyuma yake alisikia viatu vya wale wawili kwenye mchanga. Filimbi ikalia. Alisimama papo hapo, kisigino juu, mikono mapajani, akabaki hivyo hata mguu ukamfa ganzi. Filimbi ya pili ikalia. Mukubwa akaja akasimama mbele yake, karibu sana.

"Leo umesikia," akasema. "Masikio njo yale yale. Basi hata siku ile ulisikia."

Hapo Kasanda aliuona mtego wote. Angeendelea kutembea, ana kosa. Amesimama, ana kosa. Mtu alikuwa ameketi mezani na kuupanga polepole, na saa ya kumwita ilikuwa sehemu ya mpango. Treni ya Alhamisi ilikuwa inapiga honi stesheni.

Mukubwa alinyoosha mkono akachukua daftari. "Umesimama kwenye nambari gani?"

Angeweza kusema yoyote. Mia mbili, mia tatu, nani angezihesabu nyayo mchangani? Lakini hofu ilikuwa imemmaliza, hata uongo mdogo haukubaki.

"Sina, mukubwa."

"Sina, njo kusema nini?"

"Leo sikuhesabu hata hatua moja. Tangu nitoke nyumbani niko nasikiliza filimbi tu. Muntu hawezi kufanya yote mawili."

 Mukubwa akafungua daftari, akaitafuta tarehe ya siku ile, akaitazama 640 na ile sifuri yake mbovu. Akafunua kurasa za nyuma, nambari juu ya nambari, kilomita nzima za nambari. Kisha akatoa karatasi ya mwenendo mwema kutoka mfuko wa ndani, alikuwa nayo muda wote, akamwambia Matata ainame. Aliitia sahihi juu ya mgongo wa Matata, na Matata hakutabasamu tena.

"Sasa umejua kusikia," alimwambia Kasanda akimpa karatasi. "Usisahau. Hata kule."

Kasanda aliwahi behewa la mwisho. Ngoyi alimtupia mzigo dirishani, Mama Adèle akamtupia sweta, na hakuna aliyepata nafasi ya kulia vizuri. Karatasi zilifika kwa wakati. Oktoba alikuwa Ubelgiji.

Mwezi wake wa pili kule waliwapeleka wanafunzi kwenye machimbo ya mawe. Waliwaeleza mengi kwa haraka, na Kasanda hakuyashika yote. Kulikuwa na baridi, amevaa sweta la mama yake, yuko chini ya ukuta wa mawe na nyundo mkononi. Filimbi ikalia. Ilikuwa ya kuonya kwamba baruti inawashwa, kila mtu akimbie, na kila mtu alikimbia. Mwenzake mmoja alipogeuka alimwona Kasanda bado yuko palepale chini ya ukuta, peke yake. Alirudi mbio akamvuta kwa sweta mpaka likapasuka mgongoni, akamtupa nyuma ya gari, na mawe yakamwagika mahali alipokuwa.

Mama Adèle aliandikiwa tu kwamba sweta limechanika, amfumie jingine, kwa sababu barua zilikuwa zinafunguliwa njiani. Yaliyobaki alikuja kuyasikia miaka miwili baadaye, mwanawe aliporudi na kumweleza uso kwa uso. Akamwuliza, kwa nini hukukimbia, mwanangu? Kasanda akamwambia alikuwa amenyoosha mikono mapajani, anangojea filimbi ya pili.